Kreti la Soda Sokoni Masasi

Stendi ya Masasi haina mtu anayejua kutulia, na Oliva ndiye aliyewazidi wote. Alishuka kwenye bodaboda na gauni lake la kitenge cha njano, akageuka kudai chenji, akajigonga kwenye beseni la bluu lililobebwa na kijana mwenye gambuti. Beseni lilikuwa na tundu kwenye kitako, na mrija wa mpira umechomekwa tunduni.

"Kaka, wamekuuzia beseni bovu."

"Hili siteki maji, dada. Nalifunika juu ya bwawa la samaki linase hewa inayotoka kwenye tope. Hewa hiyo inaongeza joto duniani."

"Makubwa! Basi umegongana na mwenye bwawa."

Kijana aliitwa Dastani, mtu wa Newala. Alikwenda Lukuledi, kijijini kwa Oliva, kupima bwawa lake la perege, kisha akarudi siku ambazo hazikuwa na cha kupima. Simu zikawa asubuhi na jioni.

"Mrembo wa tope, umekula?"

"Nitakula saa ngapi na wewe unanipigia?"

Lakini simu ikichelewa, Oliva aliuzunguka ua mpaka mama yake akamwuliza kama amekanyaga siafu.

Ukafika msimu wa korosho. Watu wakishanyofoa korosho, mabibo, yale matunda yake, hubaki malundo, na Oliva aliyamwaga bwawani akijua ni chakula cha bure. Perege walidonoa machache. Mengine yalizama.

"Punguza, mpenzi," Dastani alimwambia. "Yanaozea chini. Ndiyo yanayotoa mapovu yale ya hewa."

"Bwawa langu, mabibo yangu."

Siku ya soko Dastani aliwafundisha wafugaji hapo Masasi, amesimama juu ya kreti la soda. Akataka kuwachekesha. "Bwawa la Oliva linajamba kuliko ng'ombe!"

Watu walivunjika mbavu. Oliva alikuwa nyuma yao na ndoo yake ya samaki. Tangu hapo wateja wakawa wanamwuliza bei ya perege wa mashuzi. Alimpenda Dastani, na kwa kuwa alimpenda, kicheko kile kilimuuma mara mbili. Hakupokea simu zake tena.

Ukaja ujumbe: "Kazi imeisha. Jumamosi nahamia Morogoro. Niambie hata neno moja kabla sijapanda basi."

Aliifukia simu kwenye debe la unga. Akaifukua. Akaifukia tena.

Jumamosi alfajiri alikuta perege wote wameelea juu, midomo wazi, wakitweta, na maji yananuka. Hakuhitaji mtu wa kumweleza. Alimpigia Dastani.

"Uko wapi?"

"Stendi. Begi limeshapakiwa."

"Samaki wanakosa pumzi. Ni mabibo, Dastani. Ulisema kweli."

"Fungulia maji ya kijito. Nakuja."

"Na basi?"

"Liende na begi."

Alifika na shati jeupe la safari, akaingia nalo bwawani. Waliyatoa maji machafu, wakaopoa mabibo kwa matenga, tope wakalipeleka kwenye mikorosho. Mchana perege walikuwa wamerudi chini. Dastani alifunika beseni lake, wakangoja. Yalikuja mapovu machache tu.

"Nilisema kweli kwa mdomo mbaya," alisema. "Nisamehe. Na kama utanikubali, nihamie kwako, maana kwa mila za kwetu sote mume humfuata mke."

Oliva hakutaka kumwachia kirahisi. "Posa itapelekwa kwa mjomba wangu, kama mila inavyotaka. Ila ulinifanya nichekwe sokoni. Sokoni ndiko utakakoniomba."

Siku ya soko Dastani alipanda kreti lile lile. Aliomba msamaha mbele ya wote, kisha akasema anamtaka Oliva awe mkewe.

"Na bwawa je?" mtu alipaza sauti.

"Bwawa limetulia. Asiyetulia ni mimi."

Watu wote wakageuka. Oliva, katika gauni lile la njano, alihisi miguu yake haitaki kwenda popote.

"Shuka, Dastani," alisema. "Mjomba yuko nyumbani, na chakula kinapoa."