Ndugu wa Bibi Harusi

— Mama anataka kuwaona ndugu zako Jumapili.

Fundi baiskeli alisema hivyo huku akijifuta grisi mikononi. Msusi aliyekuwa akisafisha vitana vyake akainua kichwa.

— Ndugu gani? Si unajua nilivyowakosea?

Alijua. Wiki ya kwanza tu ya mapenzi yao, msusi alimweleza bila kuficha: pombe ilivyomburuza, hadi akauza cherehani ya marehemu mama yake, pesa akazilewea. Dada zake wakakata mguu. Sasa alikuwa na mwaka na miezi minne hajaonja tone, shukrani kwa wenzake wa kikundi cha walioacha pombe, waliokutana kila Jumanne alasiri katika darasa la chekechea, watu wazima wamekalia viti vya watoto, magoti yanagusa videvu.

Akamwandikia mwalimu mstaafu, mkubwa wa kikundi: "Mwalimu, mama mkwe anataka ndugu zangu. Sina."

Jibu likaja papo hapo: "Kwani sisi ni mawe? Tuje saa ngapi?"

Jumapili wakafika watatu: mwalimu na tai yake, dereva wa lori kanyoa ndevu, na muuza samaki aliyejimiminia marashi mpaka fundi akapiga chafya.

Mama mkwe akawatazama mmoja mmoja.

— Wewe ndiye baba yake?

— Hapana, mama — mwalimu akajibu.

— Wewe kaka yake?

Dereva akakohoa.

— Basi ninyi ni nani?

Uongo ulishafika kwenye ncha ya ulimi wa msusi. Akaumeza.

— Mama, mimi nilikuwa mlevi wa kutupwa. Hawa ndio walionishika mkono, na mpaka leo hawajauachia.

Fundi akasogeza kiti chake karibu na mchumba wake.

— Na wewe ulijua? — mama akamuuliza.

— Nilijua, mama. Nikampenda hivyo hivyo.

Mama akamgeukia mwalimu.

— Akianguka tena?

— Siwezi kukuahidi kwamba hataanguka. Ila atapiga simu, na sisi tutakwenda. Mimi mwenyewe nimeanguka mara mbili. Mara ya pili huyu dereva alinifuata na lori zima la vitunguu.

— Vikaoza nusu! — dereva akadakia.

Mama mkwe akacheka, kisha akatikisa kichwa.

— Kwetu tumezaliwa kumi. Nilipofanyiwa upasuaji alikuja mmoja, naye akauliza kama nimepika.

Akamwambia msusi atoe simu yake.

— Mwanangu, ukizidiwa unampigia nani kwanza?

— Mwalimu.

— Anakaa mbali. Andika namba yangu juu ya yake.

Msusi alishindwa kuandika, machozi yalimziba macho. Muuza samaki akamwandikia.

Miezi mitatu baadaye wakaoana. Upande wa bibi harusi haukubaki na kiti kitupu. Dada yake mkubwa aliingia kwa kuchelewa, akasimama mlangoni, hajui akae wapi.

— Sogeeni — muuza samaki akawaambia wenzake. — Ndugu yetu amefika.