Bei ya Kaburi

Jioni ile nilikuwa natoka tu kwenda kununua samaki na chipsi. Ilikuwa Julai, baridi ya Ballarat, huku kwetu Australia, imeingia mpaka kwenye fizi, na saa kumi na moja na nusu giza lilikuwa limeshashika mtaa. Nilikuwa nimeingiza ndani kibao cha tangazo cha njiani, nimezima hita, na mkono wangu uko kwenye swichi ya taa. Duka langu ni dogo, na mimi naishi ghorofani juu yake. Nauza saini za watu maarufu, zilizo kwenye magongo ya kriketi, mipira, picha na jezi. Nimeifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuna mteja aliyewahi kuingia bila kengele ya mlangoni kulia.

Siku hiyo haikulia.

"Unafunga, Glenys?"

Sauti ilitoka nyuma yangu, kwenye kabati la kriketi. Nikageuka. Bwana Lisle alikuwa amesimama pale na koti lake refu la kijivu, kofia mkononi, mpole kama kawaida yake. Ikaja ile harufu… Udongo mbichi wa chini kabisa, kama unaotoka kwenye mashimo ya zamani ya dhahabu mvua ikinyesha sana.

Pumzi yangu ilikuwa inatoa moshi kwa baridi. Yake haikutoa kitu.

Huyu bwana nilikuwa namfahamu, na ndiyo maana sikuizima taa.

Ngoja nieleze kidogo. Kwenye kazi yetu kuna bei mbili. Mtu akiwa hai, saini yake ina bei ya uhai, maana kesho anaweza kukaa mahali akasaini nyingine mia mbili. Akifa, hakuna nyingine itakayotoka, na bei inapanda mara tano, mara kumi. Hiyo tunaiita bei ya kaburi. Ni jina baya, lakini na sisi wenyewe si watu wazuri sana. Siku mtu maarufu anapofariki, nchi nzima inalia, sisi tunakimbilia makabatini kuangalia tuna zake ngapi.

Bwana Lisle alikuja mara ya kwanza Februari, akataka gongo lililosainiwa na mzee Ted Brannock, mchezaji wa kriketi wa zamani. Brannock alikuwa mzima wa afya, kila wiki tunamwona kwenye televisheni akitangaza mashine za kukatia majani. Gongo nilikuwa nimeliandikia dola mia tatu. Bwana Lisle akaweka mezani elfu mbili na mia nne.

"Umezidisha," nikamwambia. Mimi ni mwizi, lakini si wa namna hiyo.

"Ndiyo bei yake," akajibu.

Siku ya kumi na moja Brannock alianguka bustanini kwake, hakuinuka tena. Wiki iliyofuata gongo kama lile liliuzwa mnadani Melbourne. Elfu mbili na mia nne. Haikuzidi wala kupungua hata dola moja.

Aprili alikuja tena, akachukua picha ya mwimbaji Lorna Peckham. Nilitaka themanini, akalipa mia tisa na hamsini. Siku tisa. Mei ikawa zamu ya mpanda farasi Col Varney. Siku kumi na mbili.

Nilimsimulia Merv Hosking, mzee anayepanga meza yake kando ya yangu kwenye gulio la Jumapili. Tunauza vitu vilevile, na tunatukanana kwa utani tangu zamani.

"We Glenys, huyo mteja wako ana shemeji mochwari nini?" akacheka.

"Acha upuuzi, Merv."

"Basi muulize namba za bahati nasibu, na sisi tupumzike na hii baridi." Kisha akaacha kucheka. Akawa anafuta miwani ambayo haikuwa na uchafu wowote. "Sikia, mama. Akiulizia saini yangu, mwambie mimi sijui kuandika."

Sasa mtu huyo alikuwa mbele yangu, na mlango sikuusikia.

"Leo unataka nini?" nikamuuliza.

Akanong'ona, kama mtu anayeona haya.

"Ya Tahlia Tregenza."

Tahlia ni mwanangu. Ninaye huyo huyo mmoja. Ana miaka ishirini, na Machi mwaka huu alichukuliwa na klabu kubwa ya wanawake huko Melbourne, kwenye mpira wetu wa huku, ule wenye umbo la yai. Saini yake haina bei. Ukimpata mlevi mkarimu, labda dola ishirini.

"Nitatoa elfu sita," akasema Bwana Lisle.

Nilishika kaunta kwa mikono miwili. Niliogopa vile ambavyo sijawahi kuogopa, hata siku ile daktari aliponiita pembeni kuniambia habari za mume wangu.

"Sina ya Tahlia."

"Wewe ni mama yake."

"Nimesema sina. Na ningekuwa nayo nisingekuuzia. Toka dukani kwangu."

Hakukasirika. Alitikisa kichwa taratibu, kama ninavyofanya mimi mteja akikataa bei ambayo najua atairudia.

"Napenda kununua kwako, Glenys. Lakini Jumapili atacheza. Baada ya mechi ataenda kwenye uzio kuwasainia watoto, kama wanavyofanya wote. Jezi, kofia, mipira… Nitampata mtoto mmoja wa kuniuzia kwa pesa ya pai." Akavaa kofia. "Nitapita Ijumaa, jioni kama hii. Ukinipa wewe, sitakwenda kwenye uzio."

Akatoka. Kengele haikulia. Samaki na chipsi sikuzikumbuka tena.

Usiniulize kwa nini sikwenda polisi. Ningewaambia nini, kwamba kuna mzee analipa vizuri mno? Tahlia mwenyewe nilimpigia simu, nikamwambia Jumapili asisaini.

"Mama, una wazimu?" akacheka. "Vile vitoto vinasimama kwenye mvua masaa mawili. Niwapite hivihivi?"

"Sema mkono unauma."

"Mimi nadaka mpira kwa mkono huohuo, mama. Nani ataniamini? Umekula lakini?"

Ndipo nikafikia uamuzi wangu, na ninakiri nilijiona mjanja. Zamani, kabla ya duka, nilikuwa karani wa klabu ya mtaani kwetu. Wachezaji walikuwa wavivu wa kusaini, na klabu ilihitaji mipira ya zawadi kwenye bahati nasibu, kwa hiyo nilikuwa nawasainia mimi. Wote kumi na wanane, kocha juu yake. Nusu ya mipira iliyotundikwa kwenye baa za mji huu ni kazi yangu, na hakuna mlevi aliyewahi kulalamika. Saini ya bandia ni wino tu. Haina mtu ndani yake. Nitampa bandia, ataridhika, uzio atauacha, na mwanangu atakuwa salama. Merv sikumwambia. Ningemwambia angenizuia.

Alhamisi nikakaa jikoni na jezi mpya na maka peni nyeusi. Waghushi wengine huigeuza saini juu chini, wakaichora kama picha. Mimi sikuhitaji. Ile T yenye kichwa kirefu, na ule mkia unaopita chini ya jina lote na kurudi juu kama ndoano, niliutoa kwa pumzi moja. Ukaniridhisha. Nikasema moyoni hata yeye mwenyewe angedanganyika.

Ijumaa, saa kumi na moja na nusu, sikuzima hita. Nilikaa macho yakiwa mlangoni, sikupepesa. Na bado sijui aliingiaje.

Harufu ndiyo iliyotangulia.

"Umeipata," akasema kwenye kabati la kriketi.

Nikaitandaza jezi kwenye kaunta. Mikono yangu ilitulia. Kuuza uongo ni kitu nilichozoea. Bwana Lisle aliinama, akaweka ukucha wa kidole cha shahada kwenye ncha ya mkia, pale ambapo kalamu huishia. Kisha akaanza kurudi nyuma. Wateja wengine huifuata saini kuanzia mwanzo. Yeye kila mara alianzia mwisho, herufi kwa herufi, kama mtu anayefumua sweta.

Kwaruu… kwaruu…

Alipofika kwenye T alisimama. Akarudi mwisho, akaanza upya.

Amejua, nikawaza.

"Hii umeandika wewe," akanong'ona.

Nikarudi nyuma hatua moja.

"Usiogope. Mimi jina halinihusu sana. Mimi nanunua mkono." Akafumba macho, ukucha bado uko juu ya kitambaa. "Lakini humu kuna mikono miwili. Mmoja mkubwa, mmoja mdogo sana ndani yake. Meza ya mbao… Kuna harufu ya maziwa."

Meza hiyo niliijua.

Nikakumbuka. Tahlia alikuwa na miaka minane, amerudi kutoka shule analia. Wenzake wamemcheka kwamba anaandika jina lake kama kuku anaparura. Nilimpa maziwa ya moto, nikamkalisha jikoni, nikaufunika mkono wake kwa wangu. "Siku moja utakuwa mtu mkubwa," nilimwambia, "watu watapanga foleni, lazima uwe na saini yako." Nikamtungia ile T. Nikamtungia mkia. Tuliandika pamoja jioni nzima, mkono juu ya mkono, kwenye migongo ya bahasha za bili, mpaka ukawa wake.

Nilighushi kitu ambacho mimi ndiye niliyempa.

"Ni sawa," akasema Bwana Lisle, na kwa mara ya kwanza nilimwona akitabasamu. "Nitalipia yote miwili."

"Subiri. Subiri, tuzungumze…"

Nilikuwa nazungumza na kabati la kriketi. Jezi haikuwepo. Juu ya kaunta palikuwa na bahasha, na noti za ndani zilikuwa baridi kama zimetolewa kwenye jokofu. Nilihesabu elfu sita. Chini yake, zimekunjwa kando kwa uangalifu, palikuwa na noti ya kumi na noti ya tano.

Nilihesabu mara tatu ndipo nikaelewa zile kumi na tano ni za nani.

Nilicheka, wallahi nilicheka. Miaka ishirini na sita nawapimia watu bei zao, na yangu ndiyo hiyo. Kisha nikalia mpaka nikatapika.

Siku ya kwanza hakuna kilichotokea. Tahlia alicheza Jumapili, akashinda, na sikuthubutu kwenda. Usiku huo alinipigia.

"Mama, leo kitu cha ajabu. Nimesaini jezi labda thelathini, na mkia hautoki. Nafika mwisho wa jina, mkono unasimama wenyewe. Hauumi. Ni kama nimesahau. Wewe ulinifundishaje ule mkia?"

Nikachukua kalamu, simu iko begani. Nikaandika jina lake nyuma ya bahasha ya bili.

Mkono wangu ulisimama palepale.

"Mama? Mbona kimya?"

"Utarudi lini nyumbani?" nikamuuliza.

"Jumamosi nikitoka mazoezini. Tutaoneshana."

Leo ndiyo Jumamosi. Ni siku ya nane. Lorna Peckham alipata tisa. Merv nimemweleza kila kitu. Hakunitania hata kidogo, na hilo limenitisha kuliko maneno yoyote. Alisema tu, "Glenys, wewe ni mfanyabiashara. Akirudi, fanya biashara."

Kwa hiyo nimekaa jikoni, kwenye meza ileile. Nimeziweka elfu sita upande wa mlango, zote, zimefungwa na uzi. Mteja akirudishiwa pesa yake na muuzaji akakubali hasara, mauzo yamevunjika. Huo ndio utaratibu wa duka langu, umeandikwa ukutani pale chini, na yeye ameusoma mara tano. Namwombea mwanangu mauzo yavunjike. Za kwangu sijaziweka pamoja na hizo; mkono wangu ameshaununua.

Tahlia amepiga simu dakika ishirini zilizopita. Yuko barabara kuu, mvua inanyesha, anakuja polepole. Nimemwambia anunue samaki na chipsi akipita. Amecheka.

Sasa hivi mlango wa duka umefunguka. Nimesikia bawaba. Atakuwa Tahlia, ana ufunguo wake.

Kengele haijalia.

Hatua ziko kwenye ngazi, za mtu asiye na haraka. Sisikii harufu ya chipsi. Nimezisogeza zile elfu sita mpaka ukingoni kabisa mwa meza, zionekane mlango ukifunguliwa. Kumi na tano nimezishika kwenye ngumi, zimenigandisha vidole.

Hizi sizirudishi.