Mrija Mnene wa Darubini

Kila alasiri, akisharudi kutoka chuo cha Kurani, Alawiya alipanda darini kumfagilia babu yake pahali pa kuwekea darubini. Mzee Athman alikuwa mmoja wa wazee wa mtaa walioutafuta mwezi mwandamo, na darubini yake ya shaba, yenye miguu mitatu ya mbao, ilijulikana Lamu nzima. Alawiya, msichana wa miaka kumi na miwili, alijiona nusu ya mwenye darubini.

Mwezi wa Shaaban, mwaka 1956, Mzee Athman aliipeleka darubini kwa Bwana Badawi, fundi wa saa, kisha akaenda Mbwajumali kumuuguza ndugu yake. Fundi alipoirudisha nyumbani, Alawiya aliipandisha darini mbio, akaielekeza Ras Kitau na kuchungulia.

Zamani aliweza kuona hata kofia ya mtu aliyesimama ufukoni. Sasa watu walikuwa wadogo kama siafu! Akaitazama sehemu ya kutazamia. Ule mrija mwembamba wenye vioo haukuwepo, wala ile pete ya shaba iliyoushikilia. Pahali pake palikuwa na mrija mnene, mfupi, mpana kama kikombe cha kahawa.

"Ametubadilishia fundi huyu!" alinong'ona.

Kesho yake alipita dukani kwa fundi, macho yakizunguka kila pembe.

"Shikamoo, Bwana Badawi."

"Marahaba. Babu yako amerudi?"

"Bado."

Mezani palikuwa na kitu kidogo kinachong'aa. Fundi alikifunika upesi kwa kitambaa, akakitia katika mtoto wa meza. Swali moja tu lingetosha. Lakini Alawiya hakuuliza. Aliaga na kwenda zake, akiwa na hakika kwamba amemwona mwizi.

Chuoni aliwanong'oneza wasichana wawili, nao wakawanong'oneza mama zao. "Lisemwalo lipo," wakasema watu, na habari ikaenea. Jirani yao, Bi Mwanamkisi, alikwenda kuichukua saa yake ya ukutani hata kabla haijatengenezwa. Na Radhiya, binti wa fundi, aliyekuwa rafiki wa Alawiya tangu utotoni, akawa anakaa peke yake.

"Alawiya," Radhiya aliuliza siku moja, "baba yangu ameiba nini?"

"Muulize mwenyewe."

Radhiya alitoka huku akilia, na kesho yake hakuja chuoni. Alawiya aliona uchungu, lakini akajikaza. Mwizi ni mwizi!

Siku ya kutazamia mwezi wa Ramadhani, Mzee Athman alirudi. Alawiya alimweleza yote kwa pupa.

"Kamwite Badawi," Babu alisema. "Mwambie aje na ule mrija mwembamba."

Bwana Badawi alikuja na binti yake. Alifungua kitambaa, na ndani yake mlikuwa na mrija mwembamba pamoja na pete yake. Alawiya alishangaa, lakini jua lilikuwa linazama na watu wa mtaa wamekwisha jaa darini.

"Ndoo hapa, mjukuu wangu," Babu alimwita baada ya kuutia mrija mwembamba na pete yake. "Anza na huo uupendao."

Alawiya alichungulia. Aliona kipande kidogo cha anga kikitikisika. Akasogeza darubini kidogo tu, likaja kuti la mnazi, kubwa ajabu. Akasogeza tena, anga tupu. Wingu lilikuwa linapanda.

"Umeuona?" watu waliuliza.

"Bado!" Wakiukosa mwezi, lawama ni yake.

Bwana Badawi aliichomoa ile pete pamoja na mrija wake, akatia mrija mnene. Mara Alawiya akaona minazi, wingu, na upande mzima wa magharibi kwa pamoja. Na kando ya wingu, mwezi, mwembamba kama uzi!

"Ule pale! Juu ya mnazi uliopinda!"

Wazee walifuata kidole chake, wakauona kwa macho yao wenyewe. "Allahu akbar!" walisema, wakapeana mikono ya Ramadhani.

Alawiya peke yake hakufurahi.

"Mrija mnene niliuagiza mimi," Babu alimwambia. "Mwembamba wakuza sana, lakini ni kama kuchungulia tundu la ufunguo. Kwa ajili yake mwaka jana hatukuuona mwezi; wenzetu wa Shela walifunga, sisi tukala. Mnene wakuza kidogo, lakini mlango wake ni mpana. Kitu usichojua kiliko hukitafuti kwa tundu dogo."

"Na mwembamba ulikuwa na ukungu," Bwana Badawi aliongeza. "Nilikuwa nausafisha. Niliufunika usiingie vumbi."

Alawiya aliona aibu isiyo kifani. Akasimama mbele ya watu wote. "Mimi ndimi niliyesema Bwana Badawi ni mwizi. Sikumuuliza. Nisamehe, Bwana Badawi. Nisamehe, Radhiya."

"Nimekusamehe, mwanangu," fundi alisema. Bi Mwanamkisi aliinamisha kichwa.

Radhiya alifuta machozi. "Na wale wasioko hapa, nani atawaambia?"

Alawiya alimtazama babu yake, akitumaini kuokolewa.

"Wewe," Babu alijibu. "Kesho utapita nyumba kwa nyumba, kote neno lako lilikofika. Kuuliza si ujinga, Alawiya. Ulikuwa na swali moja la kumuuliza mtu mmoja, ukaliacha. Sasa una maneno ya kuuambia mji mzima, nawe umefunga saumu."