Mfukuze, Gwakisa

Wewe ulimwona. Ulishusha kioo pale Ilula, ukanunua ndoo ya nyanya, ukamwona kinda wa korongo kafungwa kamba mguuni, anauzwa kama kuku. Ukapandisha kioo. Miaka yote mnapandisha vioo.

Gwakisa naye angepandisha chake, maana alikuwa na Fuso ya viazi toka Mbeya na safari bado ndefu. Ila kati ya wauzaji waliozingira gari alisimama dada mmoja, kitenge cha njano, sweta la bluu, tenga la nyanya zilizopondeka likiwa kiunoni.

"Kamwene, dada. Nipimie hizo."

"Kamwene. Haziuzwi, kaka. Zina wenyewe."

"Wenyewe akina nani?"

"Kobe kumi na mmoja. Na huyu ni mgeni wao." Akainua pindo la kitenge. Kinda wa korongo alichungulia, mguu umechubuliwa na kamba. "Nimemnyang'anya mtu sasa hivi. Ukiwa na maswali mengine, njoo hifadhini kwetu Iringa, Jumamosi, na jembe."

Jina lake Verediana. Jumamosi Gwakisa akaenda na jembe.

Ilikuwa hifadhi ndogo ya wanyama walioumizwa, nje kidogo ya mji wa Iringa, inayoendeshwa na watu wanane wasiolipwa: Verediana, akina mama wa kwaya, na Mzee Mansoor mwenye duka la misumari. Kwa kinda sheria ilikuwa moja: unajifunika shuka la kijivu hadi usoni, na husemi neno. Korongo akizoea watu haogopi kamba.

Basi wakapendana kimya kimya. Ukungu ulilala bondeni, majani yaliwalowesha magoti, vidole vyao vikakutana ndani ya ndoo ya mahindi na kuchelewa kutoka. Maneno yalisubiri simu, Gwakisa akirudi kwake Ilomba, Mbeya.

"Mchana kutwa hukunisemesha, mpenzi," Gwakisa alilalamika.

"Nilikusemesha. Yule panzi mnene nilimweka upande wako."

"Kumbe! Mimi nikampa korongo."

"Ndiyo maana nakuita mshamba."

Lakini Gwakisa alimwonea huruma kinda. Verediana akienda kwa kobe, yeye alifunua uso na kumpigia mluzi. Mwezi mzima. Siku moja Verediana akarudi ghafla, akamkuta ndege amelaza shingo begani kwa dereva.

"Umemfanya kuku, Gwakisa!"

"Yuko peke yake, Vere…"

"Huruma yako ndiyo itakayomrudisha kwenye kamba. Ondoka."

Simu hazikupokewa tena. Fuso ikapita Ilula bila kusimama, safari baada ya safari, na dereva wake hakupiga mluzi hata akiwa peke yake.

Mvua zilipokatika, simu ikaita.

"Amekomaa," Verediana alisema bila salamu. "Wenzake wametua bondeni, mlango wa banda uko wazi siku ya nne, hatoki. Anakungoja. Njoo umfukuze."

"Mimi?"

"Nani mwingine anamwamini?"

Gwakisa alisimama kwenye nyasi, uso wazi, akapiga mluzi. Korongo akaja akicheza, taji lake la dhahabu likimeta juani, mbawa zimetandazwa. Gwakisa akainua debe, akaligonga kwa rungu.

"Toka! Nenda! Sikutaki!"

Ndege akasimama, akamtazama. Dongo la kwanza alilomrushia likamkosa. La pili likampata kifuani. Akageuka, akakimbia, akainuka, mpaka wale wa bondeni wakampokea kwa kelele zao.

Gwakisa alikuwa analia. Verediana akavua shuka lake la kijivu, akamfuta nalo uso.

"Ulisema humtaki."

"Nilidanganya."

"Najua. Na mimi?"

"Wewe nikuitie mluzi au nilete washenga?"

"Lete washenga. Baba anaamka mapema."

Mpaka leo wako pale kila Jumamosi. Wanane wamebaki watano. Magoti ya Mzee Mansoor yamegoma. Na pale Ilula, tangu jana, kuna kinda mwingine kwenye kamba.

Shusha kioo. Usiulize bei. Wapigie maafisa wanyamapori ukiwa umesimama hapohapo, kisha Jumamosi njoo na jembe. Shusha kioo sasa.