Uzi Uliofika Mwezini

Haki ya Mungu, haya yote ni kweli tupu. Sijatia chumvi hata chembe. Nikikutwa nimedanganya hata kwa unene wa uzi, nipewe adhabu ile ile aliyopewa mzee wa hadithi hii.

Palikuwa na fundi cherehani, mama wa binti mmoja. Chumba chake cha kazi kilitazama barabara. Ndani mlikuwa na cherehani, pasi, meza ya kukatia na rafu ya koni za uzi. Koni ni ule uzi mwingi wa mafundi, uliozungushwa kwenye bomba la karatasi.

Jumatano moja alasiri, binti aliingia akilia. Akautupa mkoba juu ya vitambaa.

"Nani kakupiga?" fundi akauliza.

"Sikupigwa, mama. Nimechekwa. Mwalimu kacheka, darasa zima likacheka."

Fundi akasimamisha cherehani. Alijua kwamba binti amechaguliwa kusoma habari za mwezi mbele ya wazazi, siku ya Ijumaa. Wiki nzima mtoto alikuwa akisoma peke yake mpaka bafuni.

"Ulisema nini?"

"Nilisema uzi uliotumia kushona unatosha kufika mwezini mara ishirini na tatu. Mwalimu akasema, 'Kumbe mama yako ni fundi wa nguo na fundi wa uongo!' Nisipopeleka hesabu sahihi kesho, Ijumaa atasoma mwingine."

Fundi alisimama. Mkasi ulikuwa bado mkononi.

"Fundi wa uongo? Mimi? Mimi niliyemshonea hiyo suruali aliyoivaa akinitukana? Leo atanitambua!"

Akatoka mbio. Mlangoni akagongana na jirani yake, mpima viwanja. Mama huyo watu walimwita Shangazi Hatua, kwa sababu hata akienda dukani huhesabu hatua.

"Jirani, huo mkasi unakwenda wapi?"

"Shuleni!"

"Kukata nini?"

"Kukata maneno!"

Binti akamsimulia yote, naye Shangazi Hatua akamshika fundi mkono. "Weka mkasi, shika kalamu. Hesabu hiyo kaipiga nani?"

Binti akageuza macho kwenye kiti cha pembeni. Hapo alikaa baba mkwe wa fundi, mzee mstaafu, amejificha nyuma ya gazeti la juzi.

"Baba," fundi akasema. Meno yalikuwa yamebana, lakini mkwe ni mkwe, heshima ilibaki. "Baba, ni wewe?"

Mzee akakunja gazeti. "Ni mimi, na sijutii! Koni moja ina mita 4,572. Kitabu cha mtoto kinasema mwezi uko 384,400. Gawanya! Koni themanini na nne, umefika. Wewe mwanangu unamaliza koni mia kwa mwaka, na umeshona miaka ishirini. Hizo ni koni elfu mbili. Nikiwa muongo, nitatia uzi kwenye kila sindano ya nyumba hii mwezi mzima!"

"Mzee wangu," Shangazi Hatua akasema, "hizo 384,400 ni za nini?"

"Za nini vipi? Za kwenda mwezini!"

"Ni mita? Ni hatua? Ni vitunguu?"

Mzee akalifungua gazeti tena.

Binti akafungua kitabu. Shangazi Hatua akaweka kidole. Baada ya namba palikuwa na herufi mbili ndogo: km.

"Kilomita," binti akanong'ona.

"Namba bila kipimo ni mzigo bila mwenyewe," Shangazi Hatua akasema. "Mteja akikwambia 'kiuno changu themanini', fundi, utamkatia mita themanini?"

"Huyo ni tembo, si mteja," fundi akajibu. Hasira ilikuwa bado inachemka, lakini alivuta kiti.

"Basi tuanze. Karatasi ya koni inasemaje?"

Fundi akasoma. "Yadi 5,000."

"Yadi ni fupi kidogo kuliko mita. Yadi moja ni sentimita 91 na kitu. Hapo mzee alifanya vizuri. Aligeuza yadi kuwa mita, akapata 4,572."

"Mmeona?" mzee akadakia.

"Subiri, mzee. Mita elfu moja ndizo kilomita moja. Kwa hiyo mita unazigawanya kwa elfu. Koni moja ni kilomita ngapi?"

Binti akaandika, akafuta, akaandika tena. "Nne na nusu, na kidogo."

"Sasa vipimo vimefanana, gawanya. Kilomita kwa kilomita."

Binti alihesabu muda mrefu. Kisha akainua uso. "Si koni themanini na nne. Ni koni themanini na nne *elfu*!"

Fundi aliitazama rafu yake.

"Na mimi nimeshona elfu mbili tu?"

"Kama kilomita elfu tisa," Shangazi Hatua akasema. "Ni safari ya kutosha, usijidharau. Lakini kufika mwezini, kwa koni mia kila mwaka, utashona miaka mia nane na arobaini."

"Mgongo wangu huu?" fundi akasema. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, binti akacheka.

"Na jua?" binti akauliza.

"Jua liko kilomita milioni mia moja na hamsini. Umbali huo wataalamu wameufanya kipimo kimoja, kama mama yako anavyotumia koni badala ya kuhesabu yadi. Nyota ziko mbali zaidi. Huko wanatumia mwaka wa nuru. Usidanganywe na neno mwaka. Ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mmoja. Si muda."

Kesho yake binti alipeleka hesabu. Mwalimu akaikagua mara mbili, akamrudishia nafasi yake. Ijumaa alisoma mbele ya wazazi, ameinua koni ya uzi juu. Kila namba aliitaja na kipimo chake.

Alipomaliza, fundi akasimama.

"Mwalimu, mtoto alikosea kipimo. Tumesahihisha. Sasa nakuuliza mimi: kumcheka mtoto badala ya kumfundisha, ni kipimo gani hicho?"

Mwalimu akainama, akaitazama suruali yake. Kisha akaomba radhi, mbele ya watu wote. Na watu elfu mbili wakasimama, wakapiga makofi nusu saa nzima, mpaka vumbi likaanguka darini!

"Elfu mbili *nini*, Baba?"

Ala! Kumbe mkwe wangu amesimama nyuma yangu, anasoma ninavyoandika.

"Viti vilikuwa sitini," anasema. "Na makofi hayakufika dakika moja. Ongeza wiki moja ya sindano."

Basi ndugu msomaji, yule mzee mstaafu ni mimi. Niliutaka mwezi wa angani, nimepewa mwezi wa kalenda, na wiki juu yake. Hapa naweka kalamu chini. Sindano ya nane hii, tundu silioni, na mjukuu wangu anahesabu kwa sauti: "Babu, uzi umepita pembeni. Milimita mbili."