Gauni la Kwenda Homa Bay

Soko la Rongo lilikuwa limefurika watu. Phelesia, kapu la njugu kichwani, alijikwaa kwenye cherehani ya Cephas na njugu zikamwagikia kitambaa cha mteja.

"Dada, kitambaa hakili njugu," alisema Cephas, lakini tayari alikuwa amepiga magoti akiziokota.

"Na fundi je?"

"Fundi anakula. Hasa akiletewa na mrembo."

Huo ulikuwa mwaka wa 1964. Kufikia mavuno, Cephas alikuwa amemshonea gauni la buluu lenye kola nyeupe, la kuvaa siku atakayompeleka kwao Homa Bay.

"Lini sasa, mpenzi? Litazeekea sandukuni."

"Mama anataka kwanza kujua ukoo wenu. Kwetu hatuoi bila kuulizia."

Phelesia aliinama. Alilelewa na watawa wa misheni. Alijua tu kwamba baba yake aliitwa Elijah, na kwamba mama yake alifia kwenye machimbo ya dhahabu ya Macalder.

"Basi tuanzie hapo," Cephas alisema. "Tumtafute aliyemzika mama yako. Hata marehemu baba yangu aliwahi kuchimba huko."

Huko Macalder waliuliza kanisani, wakauliza machimboni, wakaelekezwa Sori kwa Bathsheba, bibi kizee aliyempokea Phelesia siku ya kuzaliwa.

Bathsheba alimkumbatia Phelesia akalia. Kisha akamtazama Cephas kwa muda mrefu.

"Na wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Javan, Dani. Wa Homa Bay," Cephas alijibu, akimwita bibi kwa Kijaluo.

"Kuleni kwanza, wajukuu wangu."

Aliwapakulia ugali na samaki kwenye sahani moja, akatoka nje. Phelesia alimtolea Cephas miiba, akimtania kwamba anakula kama mtoto. Walicheka.

Bathsheba aliporudi, aliketi kati yao.

"Mgodi ulimwangukia Elijah kabla mama yako hajapata mimba yako, mjukuu wangu."

"Dani, Elijah ni baba yangu!"

"Ndiye. Kwetu mtoto wa mjane ni wa marehemu. Lakini ndugu zake walikuwa mbali, mama yako akarithiwa na mchimbaji mwenzake." Aligusa goti la Cephas. "Javan. Una uso wake."

Cephas aliinuka, akatoka.

"Ulijua tangu tulipoingia?" Phelesia aliuliza.

"Nilijua."

"Mbona ukatulisha?"

"Ningesema kabla, nani angekula?"

Sokoni, mahali pa cherehani palibaki patupu. Mvua zilianza. Phelesia aliamini kwamba Cephas anamchukia, na njugu zake zikaota kapuni.

Asubuhi moja alimwona akija, amekonda, akiwa na mama mmoja mnene.

"Nilishindwa namna ya kumwambia Mama," Cephas alisema, macho chini.

Monicah, mama yake, alimtazama Phelesia. Ule uso wa mumewe ulimchoma, lakini alivua shali yake akamfunika binti mabega.

"Lile gauni liko wapi? Livae."

"Mama, siwezi tena kuolewa..."

"Hujaona kaburi la baba yako. Twende."

Alilivaa. Njiani Cephas alimbebea kapu, akitembea mbele asimwangalie. Walipofika langoni, wanawake wa jirani walianza vigelegele, wakidhani bibi arusi amefika.

Cephas aliinua mkono, wakanyamaza.

"Ni dada yangu," alisema. "Amekuja nyumbani."