Mama Yuko Upande wa Pili wa Geti

Kila asubuhi Enyonam aliwasha jiko, akasonga ugali wa akple wa watoto, kisha akaketi kwenye cherehani. Alikuwa fundi wa nguo pale Aflao, mji wa Ghana ulio mpakani. Ukitoka mlangoni kwake hufiki mbali, unakutana na geti. Ng'ambo ya geti ni Lome, mji mkuu wa Togo. Huko ndiko alikoishi mama yake, Bibi Afiwa.

Ni karibu kiasi hicho. Lakini Enyonam alikuwa hajamwona mama yake tangu mipaka ilipofungwa wakati wa korona.

Zamani alivuka kwa njia za panya. Geti kubwa aliliogopa. Aliamini ni la wenye pasi na wenye kujua Kifaransa. Mipaka ilipofunguliwa tena, alijaribu njia zake za zamani. Alikamatwa, akawekwa juani mpaka alasiri, akarudishwa. Aibu ile haikumtoka.

Basi ikabaki simu.

"Umekula nini leo?" Bibi Afiwa aliuliza.

"Akple na mchuzi wa bamia."

"Umetia kaa?"

"Nimetia, mama."

"Mchuzi wako ulikuwa mtamu kuliko wa dada zako wote. Sasa hata ladha yake naisahau."

Simu ilipokatika, Enyonam alikaa na kitambaa mapajani bila kushona.

"Hata kuku wa jirani anakwenda Lome," alisema mumewe, Senyo, kwa kumchokoza. "Hana pasi, hana Kifaransa."

"Kuku hakuwekwa juani," Enyonam alijibu.

Senyo akaona utani haukuchekesha.

Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi. Mgombea ubunge, Bwana Ametefe, alikuja sokoni. Alivaa shati lenye ramani ya Afrika kifuani.

"Afrika ni moja!" alipaza sauti. "Wazee wetu waliota bara lisilo na mipaka ya wakoloni!"

Watu walishangilia. Enyonam hakujua alisimama vipi. Alijikuta tu yuko wima.

"Ndugu mgombea, hiyo Afrika moja inaanzia wapi? Maana yangu inaishia pale getini. Mama yangu yuko upande wa pili."

Watu wakacheka. Wengine wakasema, "Mjibu, mjibu!"

"Mama, Afrika ni moja!" alirudia Bwana Ametefe, na ngoma zikapigwa.

Enyonam alirudi nyumbani machozi yakimlenga. Jioni alibisha hodi mwanamke mmoja aliyemsikia sokoni. Aliitwa Mawuena. Kazi yake ilikuwa kufundisha watu haki na wajibu wa raia. Senyo akamletea kigoda.

"Dada, swali lako lina jibu," alisema Mawuena. "Mkoloni alipiga mstari hapa. Sisi Waewe tukakatwa, wengine huku, wengine kule. Waliopigania uhuru wakasema: tukibaki vipande, tutabaki wanyonge. Tuungane. Hiyo ndiyo fikra ya umoja wa Afrika."

"Walishakufa hao," alisema Senyo.

"Fikra yao haikufa, shemeji. Sehemu yake imo kwenye mikataba. Nchi zetu za Afrika Magharibi ziliunda jumuiya, zikakubaliana. Raia wa nchi moja ya jumuiya anaingia nchi nyingine bila viza. Anaweza kukaa mpaka siku tisini. Ghana imo, Togo imo."

"Bila pasi?" Enyonam alishtuka.

"Kadi ya taifa inatosha. Pia chukua cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Upitie getini, mchana, kichwa juu. Ukiambiwa ulipe kitu, omba risiti."

"Mbona Mali, Burkina Faso na Niger zimeamua kujitoa kwenye jumuiya hiyo?" aliuliza Senyo. "Na wakubwa wao nao wanasema wanaipigania Afrika! Mkweli nani?"

Mawuena alicheka. "Ndiyo maana usipime siasa kwa shati. Kila mtu siku hizi anataja umoja. Mmoja anataka kufungua mlango, mwingine anataka makofi tu. Wewe uliza: umoja wako utanifikisha wapi, na lini?"

Enyonam hakuwa na kadi ya taifa. Siku ya kuandikishwa alikuwa sokoni. Safari hii alikwenda ofisi ya wilaya, kaka yake akala kiapo kuwa Enyonam ni raia. Alikwenda pia hospitali, akachanjwa.

Kadi ilipotoka, alioga, akavaa kanga mpya, akaenda getini. Upande wa Togo, ofisa alimsemesha kwa Kiewe.

"Unakwenda kwa nani?"

"Kwa mama yangu."

"Mbona unaogopa?"

"Njia hii siijui, baba."

Ofisa alitabasamu, akamrudishia kadi yake. "Utaizoea. Karibu."

Bibi Afiwa alikuwa ameketi mlangoni. Amekonda. Nywele zote zimekuwa nyeupe. Enyonam alisimama, maana sura aliyoibeba moyoni ilikuwa ya miaka mingine.

"Umechelewa," alisema mama.

"Nimechelewa, mama."

Wakashikana.

Tangu hapo Enyonam hakunyamaza. Yeye na Mawuena waliwakusanya wanawake wa soko. Walimtaka Bwana Ametefe ahimize bango la Kiewe liwekwe getini, lieleze haki za msafiri. Alikubali, akapata kura zao, akawa mbunge. Bango halijawekwa bado. Wanawake nao hawajaacha kumwuliza.

Msimu wa mvua ulipokwisha, Bibi Afiwa alivuka kwa kadi yake ya Togo, akaja kukaa kwa binti yake. Wajukuu walimgombania. Jioni moja aliuliza, "Natakiwa kurudi lini?"

"Sheria inakupa siku tisini, mama."

Bibi Afiwa alitazama barabara. "Baba yangu alikuwa na shamba huku. Asubuhi analima, jioni anarudi kule. Hakuna aliyemhesabia siku. Hayo yatarudi?"

"Sijui, mama. Tunadai. Jumamosi tuna mkutano na mbunge."

"Basi nichukueni na mimi," alisema mama. "Nina swali langu juu ya mpaka huu. Nimekaa nalo tangu nikiwa msichana."